Shughuli za ubunifu kwa darasa la kwanza hadi la tatu: maswali ambayo walimu huuliza mara kwa mara

Shughuli ya ubunifu ni ipi hasa? Kupaka rangi picha iliyochapwa hakutoshi?

Kipindi kikiisha, zitandaze kazi za watoto sakafuni uzitazame zote kwa pamoja. Kama huwezi kutambua ipi ni ya nani mpaka usome jina, watoto walifuata maagizo tu. Kufuata maagizo nako kuna faida yake, hasa kwa mkono unaojifunza kushika mkasi au kujaza rangi ndani ya mstari, lakini tusikuite ubunifu.

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha darasa la kwanza, nilikesha nikikata mabawa ya vipepeo, jozi moja kwa kila mtoto. Asubuhi wakayabandika pale nilipowaonyesha, na ukuta ukapendeza kweli. Siku chache baadaye nikamwuliza mtoto mmoja, "Kipepeo wako ni yupi?" Akautazama ukuta mzima, akanigeukia na kusema, "Wote ni wako, Mwalimu."

Tangu siku hiyo, kabla ya kuandika andalio la somo, najiuliza: ni jambo gani hapa ambalo mtoto ataliamua mwenyewe? Anaweza kuamua mdudu wake ana miguu mingapi, anaishi wapi, anamwogopa nani. Uamuzi mmoja wa kweli unatosha. Nikiona hakuna hata mmoja, nairudia ile shughuli mpaka nipate pa kumwachia.

Watoto wa miaka sita hadi tisa wanaweza kufanya nini, na nini bado ni kigumu?

Wanaweza mengi, ilimradi kuna kitu cha kushika. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliliita kundi la watoto wa kati ya miaka 7 na 11 hivi kuwa lipo katika hatua ya kufikiri kwa vitu halisi. Ukimwambia mtoto wa umri huu "nusu", neno linampita. Ukimpa karatasi aikunje mara moja na kuifungua, nusu anaiona na kuigusa.

Kinachowachosha ni mkono. Misuli midogo ya vidole bado inakua, kwa hiyo mtoto mwenye hadithi ndefu kichwani anaweza kuandika sentensi mbili tu kisha akaacha. Usidhani hadithi imemwishia. Mwache achore sehemu inayofuata, au akusimulie wewe uandike. Darasa la kwanza hilo hutokea kila siku. Kufikia la tatu wengi wameshazoea.

Sina vifaa. Nianzie wapi?

Anza kwa kukusanya vitu ambavyo vingetupwa: vifuniko vya chupa, maboksi, magazeti ya zamani, vipande vya vitambaa, mirija ya karatasi, majani makavu, vijiti na kokoto zilizooshwa. Waambie watoto walete, na uweke boksi moja kubwa mlangoni. Ndani ya wiki mbili utakuwa na zana nyingi kuliko unavyoweza kuzitumia.

Kati ya vyote hivyo, mimi nikiambiwa nichague kimoja, nachagua vifuniko vya chupa. Vinahesabika na kupangwa kwa rangi, na kumi kumi ni rahisi kutenga. Ukiandika herufi ndani ya kila kimoja, mtoto anaunda maneno na kuyavunja bila kufuta kitu daftarini. Kufuta ndiko kunakowatia hofu wengi wao. Kifuniko kikiwa si mahali pake, anakisogeza tu.

Kwa ufinyanzi, kama huna udongo wa mfinyanzi, changanya vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi na kikombe 1 cha maji, ukiyatia maji kidogo kidogo huku ukikanda. Ukiona unanata mikononi, ongeza unga. Vitu vyembamba hukauka vyenyewe vikiachwa siku kadhaa mahali pakavu, na vinapakika rangi.

Nipe shughuli moja ninayoweza kuifanya kesho.

Kitabu cha kurasa nane kutokana na karatasi moja. Hakihitaji gundi wala pini.

Chukua karatasi ya A4 uilaze kwa upana. Ikunje katikati ili upande mfupi ukutane na upande mfupi mwenzake. Ikunje tena katikati, kisha mara ya tatu. Ukiifungua utaona vyumba 8. Sasa rudia mkunjo wa kwanza peke yake. Kuanzia upande uliokunjwa, kata kwa mkasi kufuata mstari wa katikati, ukomee pale unapokutana na mkunjo unaofuata, usifike mwisho. Ifungue: utakuta tundu refu katikati ya karatasi. Ikunje kwa urefu, shika ncha mbili, zisukume kuelekeana. Tundu litapanuka kama mdomo, kurasa zitasimama kama msalaba, nawe utazizungusha upande mmoja na kuzibana. Kitabu ndicho hicho, pamoja na jalada lake.

Fanya mara tatu nyumbani kabla ya kukifundisha. Darasani, kata wewe kwa wale wadogo zaidi, lakini ile hatua ya kusukuma ncha waachie wao, kwa sababu hapo ndipo darasa zima hupiga ukelele wa furaha.

Kitaandikwa nini ndani? Usitoe mada pana kama "shule yangu". Toa mwanzo wenye swali ndani yake: "Asubuhi moja kivuli changu kilikataa kunifuata." Kurasa zilizobaki ni zao. Mvulana mmoja katika darasa langu la pili, ambaye kwa kawaida haandiki zaidi ya mstari mmoja, alijaza kurasa zote na kuomba karatasi nyingine kwa sababu kivuli kilikuwa hakijarudi bado.

Darasa langu limejaa. Shughuli hizi si ni za madarasa yenye watoto wachache?

Hapana, ila mpangilio lazima ubadilike. Ligawe darasa mara mbili: nusu wanasoma au kuandika kimya, nusu wako kwenye shughuli, kisha wabadilishane siku inayofuata. Ndani ya nusu ile, vikundi vya wanne wanne. Wakiwa sita kwenye kikundi kimoja, wawili wataishia kutazama.

Kila kikundi kiwe na mtoto mmoja wa vifaa. Yeye peke yake ndiye anayeinuka kuchukua na kurudisha, na zamu inabadilika kila siku. Utashangaa ni vurugu kiasi gani inayoondoka kwa kanuni hii moja.

Njia nyingine isiyohitaji kusogeza hata dawati moja ni ile iliyoelezwa na mwalimu wa Marekani Frank Lyman mwaka 1981: fikiri, jadili na mwenzako, washirikishe wote. Unauliza swali, kila mtoto anafikiri kimya, anamgeukia jirani yake, kisha wachache wanaliambia darasa. Hata mkiwa wengi vipi, kila mtoto amesema wazo lake kwa mtu mmoja angalau. Swali lenyewe ndilo lenye uzito. "Mji mkuu ni upi?" halijadiliki. "Kama samaki wangekuwa na shule, somo gumu kuliko yote lingekuwa lipi?" hilo wataligombania.

Nawezaje kuingiza ubunifu katika hisabati?

Hili naliulizwa sana, na naona ndipo walimu wengi wanapokosa ujasiri, kana kwamba jibu likiwa moja basi hakuna cha kubuni. Geuza swali. Badala ya kuuliza 7 + 5 ni ngapi, sema: "Jibu ni 12. Swali lilikuwa nini?" Wanaojua kujumlisha watajumlisha, mwenye uwezo zaidi ataleta 20 – 8 au 3 × 4, na mwingine atakuletea hadithi ya wanyama 12 waliokuwa wakivuka mto. Kila mmoja amefanya hesabu kwa kiwango chake, na wewe umeona kiwango hicho bila kutoa mtihani.

Tangramu pia ni hazina. Ni mraba uliokatwa vipande 7: pembetatu kubwa 2, ya kati 1, ndogo 2, mraba 1 na msambamba 1. Asili yake ni China. Kata vipande hivyo kwenye karatasi ya manila, kila kikundi seti yake, uwaache watengeneze kiumbe chochote kwa vipande vyote saba. Wakishachoka na wanyama, waulize ni vipande gani vinaweza kufunikwa na pembetatu ndogo mbili. Watajaribu, wageuze, wagombane kidogo, mpaka wagundue kwamba mraba, msambamba na pembetatu ya kati vyote vinafunikwa kwa zile mbili. Hapo wamefundishana kwamba maumbo tofauti yanaweza kuwa na eneo sawa, na neno "eneo" hujalitamka bado.

Na kusoma na kuandika?

Vitendawili. Mtoto kujibu vitendawili vya wengine ni jambo jema, lakini kutunga ndiko kunakokamua akili. Achague kitu kimoja darasani, kifutio kwa mfano, na akifiche nyuma ya maneno. Mwongoze kwa maswali matatu: kinafanya nini, kinafanana na nini, kitu gani juu yake ni cha ajabu? Msichana wa darasa la pili alitega hiki: "Kila akila makosa yangu yeye anakonda." Darasa lilinyamaza kwanza, kisha wote wakaruka kwa pamoja.

Soma hadithi kwa sauti na ukomee kabla ya mwisho. Waigize mwisho wao wawili wawili kwa vikaragosi vya soksi au vya karatasi vidoleni. Mtoto mwenye haya husema nyuma ya kikaragosi maneno ambayo usingeyasikia kutoka kwake mwaka mzima.

Sayansi nayo?

Sayansi ya umri huu ni kutazama kwa makini na kuchora kile kilichoonekana. Weka pamba yenye unyevu ndani ya gilasi au chupa angavu, na ubane mbegu ya haragwe kati ya pamba na ukuta wa chombo ili ionekane. Kila siku watoto wachore walichokiona, pamoja na tarehe. Siku nyingine hakuna kilichobadilika. Wachore hivyo hivyo. Mzizi utatangulia, baada ya siku chache.

Mzizi ukiwa na urefu wa ukucha, geuza chombo kilale ubavu. Usiwaeleze kitu. Waulize tu: "Mnadhani utaelekea wapi sasa?" Kila mtoto achore anachotabiri, na jina lake juu. Siku mbili hivi zikipita wataona mzizi umejikunja kuelekea chini, kufuata mvuto wa dunia. Wale waliotabiri sivyo huwa ndio wanaoutazama kwa muda mrefu zaidi.

Kivuli ni shughuli nyingine isiyogharimu kitu. Mtoto anasimama uwanjani mahali palipowekwa alama, mwenzake anazungushia kivuli chake chaki. Warudie kufanya hivyo karibu na adhuhuri na tena alasiri, miguu ikiwa mahali pale pale. Kivuli cha adhuhuri ndicho kifupi kuliko vyote. Waonye wasilitazame jua lenyewe.

Mtoto anasema, "Mwalimu, mimi sijui kuchora." Nifanye nini?

Usimchoree. Najua mkono unavyowasha, na najua mtoto mwenyewe atakushukuru. Lakini ukichora juu ya karatasi yake umekubaliana naye kwamba hajui.

Nilikuwa na mwanafunzi aliyekuwa akigeuza karatasi yake kila ninapopita. Siku moja nilikaa chini kando yake, nikamwuliza ni nini alitaka kuchora. Ndovu. Nikamwuliza, "Ndovu ana nini ambacho wengine hawana?" Akasema mkonga. "Mkonga ukoje?" Akauonyesha kwa mkono wake, akiuzungusha hewani kwa taratibu. Nikamwambia, "Basi fanya hivyo hivyo, ila penseli iguse karatasi." Akachora mstari mmoja uliopinda, akautazama, akauliza, "Na masikio?" Nikamwambia anionyeshe. Ndovu yule alikuwa na mkonga mrefu kuliko mwili wake wote, na msichana yule hakugeuza karatasi tena.

Wengine husaidika ukianza na doa. Dondoshea rangi kidogo kwenye karatasi, ikunjwe, ifunguliwe, kisha aulizwe anaona nini. Kazi yake itakuwa kuongeza macho, miguu au chochote kinachokosekana. Karatasi isiyo na kitu inatisha kuliko doa.

Nikisifu, niseme nini? "Nzuri sana" haitoshi?

Mtoto akiambiwa "nzuri sana" kila siku, maneno hayo yanageuka kuwa kelele. Sema ulichokiona: "Naona umetumia rangi ya zambarau kwenye anga peke yake." Kisha uliza: "Ilikuwaje ukaichagua?" Halafu subiri.

Huku kusubiri kunahitaji mazoezi. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe aliwasikiliza walimu wakiuliza maswali darasani na kugundua kwamba kwa kawaida walingoja kama sekunde moja tu kabla ya kudakia au kumwita mwingine. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto waliokuwa kimya wakaanza kusema. Hesabu moja, mbili, tatu moyoni, polepole. Mwanzoni utaona ni muda mrefu mno.

Kelele je?

Zipo za aina mbili, na sikio lako litajifunza kuzitofautisha. Watoto wanaobishana kuhusu vipande vya tangramu wanatoa kelele ya kazi; waache. Ukisikia majina yakiitwa na viti vikiburutwa, maagizo yako hayakueleweka au kazi imekwisha na huna ya ziada. Kubalianeni ishara moja ya kunyamaza kabla hamjaanza: mkono juu, au kupiga makofi kwa mdundo ambao wao wanauitikia. Usipaze sauti juu ya sauti zao.

Kipindi kiwe cha dakika ngapi?

Dakika 30 hadi 40 zinatosha, na tano za mwisho ni za kufagia na kurudisha vifaa. Ukiziiba hizo tano, utafagia mwenyewe. Kazi isiyokwisha iwekwe mpaka kesho. Mtoto akilazimishwa kumaliza haraka, ataharibu alichokijenga kwa uangalifu.

Na usalama?

Mkasi wa ncha butu, unaobebwa ncha ikiwa imefumbatwa kiganjani. Gundi ya maji, isiyo na harufu kali. Shanga na mbegu ndogo zihesabiwe zikitolewa na zikirudishwa, maana bado wapo wanaotia vitu puani na masikioni. Mtoto anayetumia mkono wa kushoto atafutiwe mkasi wa mkono huo. Wengi wameitwa wazembe kwa sababu tu ya mkasi usiowafaa.

Darasani nina mtoto asiyeona vizuri, na mwingine ambaye haongei sana. Nifanyeje?

Ubora wa shughuli hizi ni kwamba mlango ni zaidi ya mmoja. Kwa asiyeona vizuri, udongo, vitambaa vya mguso tofauti na picha yenye mistari ya uzi uliobandikwa kwa gundi. Asitengewe kona yake. Kikundi chake chote kifanye kazi ya mguso siku hiyo, nao watajifunza kutumia vidole. Asiyeongea sana apewe nafasi ya kuonyesha: apange picha nne kwa mfuatano, mwenzake asimulie, yeye akubali au akatae kwa kichwa.

Nawezaje kuzipima kazi hizi? Nitoe alama?

Picha usiitie alama. Alama 6 kati ya 10 juu ya ndovu inamwambia mtoto nini? Pima lengo la somo. Kama lengo lilikuwa kupanga matukio kwa mfuatano, tazama kama kitabu chake kina mwanzo, katikati na mwisho. Weka daftari dogo mfukoni na kila siku uandike juu ya watoto watatu au wanne tu, sentensi moja moja: "Leo amejaribu njia ya pili bila kuambiwa." Mwisho wa muhula utakuwa na mambo ya kumweleza mzazi ambayo hayamo kwenye karatasi ya mtihani.

Mkuu wa shule au wazazi wanasema tunacheza tu. Niwajibu vipi?

Kwa heshima, na kwa andalio la somo mkononi. Onyesha lengo kutoka kwenye mtaala, kisha onyesha kazi ya mtoto na mahali lengo hilo linapoonekana ndani yake. Tangramu ile ni eneo na maumbo. Kitabu kile ni uandishi wa hadithi.

Ukihitaji kuegemea kitu kikubwa zaidi, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 31, unatambua haki ya mtoto kupumzika, kucheza na kushiriki katika sanaa. Wala si jambo lililozuka juzi: Friedrich Froebel alianzisha taasisi yake ya michezo na shughuli za watoto huko Ujerumani mwaka 1837, na Maria Montessori akafungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, yenye vifaa vya kushikwa kwa mikono.

Hata hivyo, kinachowashawishi zaidi wazazi ni kuketi darasani dakika ishirini. Waalike. Mpe mzazi karatasi yake naye, akunje kitabu pamoja na mwanawe.

Kazi zikikamilika, zipelekwe wapi?

Ukutani, kwa kimo cha macho ya watoto, siyo yako. Kila mtoto achague mwenyewe kazi itakayobandikwa, na aandike au akwambie sentensi moja ya kuweka chini yake. Nyingine ziende nyumbani. Vitabu vidogo vipigwe uzi kwenye kona ya kusoma, vichanganywe na vitabu vya kawaida. Mara nyingi ndivyo vinavyoazimwa kwanza, na mwandishi huwa amesimama karibu akijifanya anatafuta kitu kingine.